Sensa ya Burnley

Mama hakuhesabu vifaranga kwa kidole.
Alisema "wapo", akafunga banda.
Ukimuuliza ana watoto wangapi
alikusogezea kigoda: "Mungu anajua."

Mimi nalipwa kwa saa kuhesabu watu,
kitambulisho shingoni, barakoa puani,
katika mtaa wa matofali meusi
ambao nyumba zake zimeegemeana kama wafiwa.

Hodi. Mpo wangapi?
Namba kumi na tisa: sita, wa saba ananyonya.
Ishirini na moja: mbwa, akabweka kwa niaba ya wote.
Ishirini na tatu akafungua Bwana Ollerenshaw,
sweta limefungwa kwenye kifungo kisicho chake.

"Wawili," akasema.
Nyuma yake koti la kike msumarini,
sinia, kikombe kimoja.
"Wote walilala hapa usiku wa sensa?"
Akaitazama mvua.
"Edith amelala hapa miaka hamsini na miwili.
Januari walikuja kumchukua,
wamevaa plastiki, malaika wa bei rahisi.
Sikuruhusiwa hata mkono wake."

Kisha: "Wasoma Biblia, binti?
Unajua yaliyompata Daudi alipohesabu?"

Najua. Mfalme alitaka idadi, ikaja tauni.
Elfu sabini, Dani hadi Beer-sheba;
hesabu ikaharibika wino haujakauka.
Mfalme mwenyewe hakupata hata mafua.

Ila mimi si Daudi, Bwana. Mimi ni Yoabu:
nilinung'unika, nikafunga kamba za viatu, nikaenda.
Miezi tisa na siku ishirini alizunguka,
mimba nzima.
Aliyetungwa siku ya kwanza ya sensa
alizaliwa akawahi kuhesabiwa,
akawahi na tauni.

"Malaika alifika penye uwanja wa Myebusi," mzee akaendelea,
"mtu wa kigeni, anapura ngano yake,
ndipo Mungu akasema: basi.
Neno moja.
Nami nauliza, sikufuru, nauliza tu:
hilo 'basi' lilikuwa wapi tangu asubuhi?
Lilikuwa wapi Januari?"

Sikuwa na jibu. Simu ya kazini ilitaka tarakimu,
kisanduku kinapepesa kama jicho lenye mchanga.
Nikabonyeza moja.
Aliona. Hakugomba.
Alirudi ndani akalitengeneza lile koti begani,
kama linatoka.

Namba ishirini na tano.
Ndani, watoto wanacheka, wengi,
sauti zimepandana kama vifaranga chini ya tetea,
na kidole changu tayari kimeanza: mmoja, wawili
nikakikunja.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi nyekundu,
mbichi bado, imechuruzika hadi kizingitini.
Kesho msimamizi ataniuliza.

Nikaupita.