Siku Mbili Bukhara

Mavluda ameandika nyuma ya bili ya gesi:
treni ya alfajiri kutoka Tashkenti,
mnara, kabla jua halijawa kali,
madrasa mbili, soko la mazulia,
bwawa na chakula cha mchana: dakika arobaini.

Mama mkwe kavaa miwani,
kaomba kalamu.
Mnara, kaukata. "Niliuona miaka kumi na tisa,
kila nilipotumwa mkate."
Madrasa, kazikata.
Mazulia, kacheka tu.

Kabakiza bwawa,
lile lenye miforsadi mikongwe,
na pembeni, kwa mwandiko wa kutetemeka:
*ngazi ya tatu kutoka majini.*

"Kuna nini hapo, mama?"

"Palikuwa na mtu."

Mavluda akazifuta zile dakika arobaini.
Akaandika: *mpaka atakaposema basi.*