Mpanda Miti

Daftari lilitoka kabati la chuma,
ofisi ya misitu, Lindi, siku ya kuhamisha samani.
Karani akanisomea kwa sauti ya kutangaza mirathi:
"Shaweji Nandonde, wa Rondo. Mpanda miti.
Ujira: senti arobaini. Shati moja. Chumvi."

Basi mji ukampata mtu wake.
Afisa utamaduni akaapa: ndiye huyu
aliyepanda mikungu ya kushukia Mtanda,
na misufi ya hospitali, na kivuli chote hiki
tunachoegeshea pikipiki bila kujua tumshukuru nani.
Wakachonga kibao. Wakaniambia, mjukuu, uje umependeza.

Nikatangulia Mnara, kwa bibi Somoe,
mkewe wa mwisho, asiyeona tena
lakini husikia hata ganda la mbaazi likipasuka juani.
Nikamweleza. Akacheka hadi kanga ikamponyoka.
"Kupanda? Shaweji?
Yule hata bamia hakuwahi kufukia!
Alipanda juu, mwanangu. Juu!
Kama kima. Kama deni."

Kumbe.

Kulikuwa na Bwana Majani, ndivyo walivyomwita,
mwenye sanduku la bati na magoti yanayoogopa ngazi.
Jani peke yake halimtoshi, alitaka ua,
na ua la mti mrefu halishuki kwa salamu.
Ndipo Shaweji afunge kamba miguuni,
panga menoni, apande,
mpaka kwenye panda, akae kama aliyealikwa,
akate kitawi, akitupe, akitaje.
Na baada ya jina, kazi yake:
huu wa mpini,
huu wa degedege,
huu usiuchome ndani ya nyumba, mtagombana.

Chini, kalamu ilichukua nusu.
Ikaandika jina refu la Kilatini,
na mwishoni mwake, kama mkia wa mjusi,
jina la rafiki wa Bwana, mtu wa mbali
ambaye vumbi la Rondo halikuwahi kumtia chafya.
Kitawi kikalazwa ndani ya gazeti kuukuu,
kikabanwa kwa mbao, kikakaushwa motoni,
habari za bei ya katani zikajichapa mgongoni mwa jani,
kikasafiri.
Aliyekipandia akarudi nyumbani kwa miguu.

"Na suruali yake!" bibi akasema, sasa hacheki.
"Ile ya kupewa, yenye pindo.
Kila jioni pindo limejaa takataka za huko juu,
mbegu, maganda, sijui nini.
Mimi namfokea, asiniletee msitu kitandani.
Akaenda kukung'uta nyuma ya jiko.
Kwa hasira, usidhani kwa bustani."

Nikaenda nyuma ya jiko.
Ilisimama miti isiyojuana:
wa bondeni umeegemeana na wa mwinuko,
mmoja wa gome la magamba, mmoja unanuka karafuu,
na mmoja ambao kijana mmoja wa chuo, bibi anasema,
aliuzunguka mara tatu, akavua kofia,
akauliza, "Huu ulifikaje hapa?"
Akajibiwa: "Kwa suruali."

Siku ya kibao nikavaa kama walivyotaka.
Turubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma.
Shimo lilikwishachimbwa, saruji inangoja.
Nikasema: maneno yenu ni sahihi,
msibadili herufi hata moja.
Ila msikichimbie chini.
Kifungeni kwa kamba kule, mnakuona,
kwenye panda ya pili ya msufi,
na atakayetaka kukisoma
apande.

Watu wakatazama juu.
Afisa akatazama viatu vyake.
Mtoto mmoja, sijui wa nani,
alikuwa ameshavua ndala.