Siku ya Tatu ya Mafunzo, Muyeye

Asubuhi Bi Mejumaa aliandika ubaoni:
"Kijana si tatizo."
Tukanakili.
Kalamu yangu ikakwaruza penye "si".

Mchana tukatumwa mitaani, beji shingoni.
Maskani ni ile ile, ukutani kwa kinyozi,
dama la vifuniko vya soda.
Miaka minne nilishinda hapa.
Leo wameniita "bosi",
na Mwaringa akafukia msokoto mchangani
kwa kisigino, taratibu,
kama nilivyomfundisha.

Fomu ina maswali kumi na mawili.
Sikuuliza hata moja.
Nikavua beji, nikaomba mchezo.
Akala kete zangu tatu kwa mpigo.
"Umesahau," akasema,
ndipo akanisogezea tofali nikae.

Usiku, penye "Matokeo ya ziara",
nimejaza:
Nimefungwa.
Kesho marudiano.