Nyuzi Nne za Hiragauri

Mwaka mzima mwalimu alimpa noti moja tu.
Sa.
Saa iliyokatwa mkia, tukasema sisi wa uani,
watoto wa wapagazi wa korosho,
tukimwiga kwa pua alfajiri
Lindi ikiwa haijapiga mswaki.

Mwalimu mwenyewe karani wa duka la baba yake,
mzee Ratansi, kidole kimeiva wino.
Mchana magunia, usiku raga,
na noti iliyopotoka aliiita deni.

Mimi nilikabidhiwa tambura kwa kuwa nilijua kunyamaza.
Nyuzi nne. Usiharakishe, usichelewe, usiimbe.
Ujira: konzi ya chevda.

Akaenda Bombay miaka sita.
Redio ya duka, betri tumezianika juani,
ilimtoa mara moja, dakika kumi na mbili,
mawimbi yakimrarua.
Mizani ilining'inia na ufuta wa mtu.
Mama akauliza, mbona haimbi maneno?
Kisha akakaa juu ya gunia, akalia,
na hadi anakufa hakuniambia kwa nini.

Barua zilikuwa fupi:
*Leo nimekohoa. Leo nimesifiwa.
Leo nimetamani muhogo.*

Baba yake akapooza, akarudi.
Tambura ilipasuka melini.
Fundi Nankuchi alizunguka nayo siku tatu,
akatafuta buyu huko Mtama,
akaliunga kwa utomvu wa mkorosho.
Sauti ikatoka nzito, ya kifuani.
Hiragauri akafumba macho: "Basi. Hii imekula ugali."

Ndugu zake walihama na makufuli yao.
Yeye akabaki anapima vitenge,
kucha mbili ndefu kwa ajili ya nyuzi.
Dar walimwita, ukumbi ukafurika,
wakamtupia noti miguuni.
Akaziokota, akawarudishia:
"Mimi ninazo saba, zinanitosha."

Akiwa na sitini na moja, noti ya juu ilimkimbia.
Hakuifukuza.
Aliimba akifika mlangoni pake,
anasimama, ananitazama,
nami napiga nyuzi zile zile
pale ambapo ingekuwepo.

Sasa tambura iko kwangu, Mitwero, nyuma ya kabati.
Mwezi wa saba hewa ikikauka
buyu hujinyoosha usiku, ka!
na uzi mmoja huitika.
Mke wangu hunipiga kiwiko:
amka, unaitwa kazini.