Futi Kumi na Saba

Babu yangu, Delbert Nuzum, aliendesha mashine ya sinema
katika mji wa Kansas wenye silo tatu na makanisa tisa.
Barua ya Halmashauri ilimfikia kila Alhamisi,
imepigwa chapa, imegongwa muhuri:
Gurudumu la tatu. Kata futi kumi na saba.
Mwanamke asionekane akigusana na mtu yule.

Mtu yule. Hawakuandika rangi yake.
Hawakuwa na haja.

Futi kumi na saba ni sekunde kumi na moja;
alinihesabia mara moja, akigonga meza kwa kijiko.
Chai ilikuwa bado inazunguka kikombeni alipomaliza.

Halmashauri yenyewe ilikuwa watu watatu:
Bi Claypool, mjane, mpiga kinanda wa kanisa;
daktari wa meno; na mzee mmoja aliyesinzia.
Walitazama yote ili sisi tusitazame.
Sijasikia kwamba kuna aliyeoza macho.

Jumamosi, taa zikizimwa, picha iliruka.
Mwanamke yuko mlangoni, upepo unampeperusha nywele,
na papo hapo yumo garini, analia.
Kwa nini? Ukumbi ukaguna.
Viatu vikakwaruza sakafu, mtu akapiga mluzi,
kisha kila mmoja akatoa sindano yake akashona kiraka:
mchungaji alishona chake,
mke wa muuza nyama alishona chake, akaona haya,
na wavulana wa safu ya nyuma
walishona visivyosemeka mbele ya wazazi.

Funika kombe, mwanaharamu apite.
Haya, limefunikwa.
Lakini gizani mle, viti mia tatu,
kila shingo iligeuka kumtafuta mwanaharamu
katika kiti cha jirani.

Na kule juu roshanini,
walikoketishwa watu wa rangi ya mtu yule,
hakuna aliyeguna.
Walishaujua mkasi kwa mlio wake.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Babu alipofariki nilikuta gereji, nyuma ya makopo ya rangi,
kopo la kahawa limejaa vipande vya filamu,
vimejikunja kama maganda ya chungwa.
Kwenye kifuniko, kwa penseli: ZIRUDISHWE.
Hakuandika kwa nani.

Nikaunyoosha ukanda mmoja dirishani, juu ya sinki,
fremu mia mbili sabini na mbili, nikazipitia moja moja
hadi sahani zikakauka na povu lake.
Nilitarajia busu. Nilitarajia zaidi ya busu, nakiri;
hata mimi nilikuwa nimeshashona.
Ni kofia tu.
Upepo umemwangushia mtu yule kofia,
mwanamke ameiokota, anampa,
na vidole vyao, kwenye ukingo wa kofia, vinakutana.
Basi. Mtu anashukuru.
Hicho ndicho walichotuficha: shukrani.

Sasa televisheni yangu huweka herufi na namba pembeni,
adabu tupu, kama lebo ya dawa ya kikohozi,
nami sina ugomvi na lebo; lebo haina makali.
Ila jana usiku, mwanangu Wendell, miaka tisa,
alikuwa kapakatwa nami, blanketi hadi kidevuni,
picha ikafika mahali,
na mkono wangu ukaruka wenyewe ukamziba macho.

Nilisikia kope zake zikipapatika kiganjani.
Najua, mkono si muhuri.
Mkono una jina, unaweza kubishiwa, kung'atwa,
kesho asubuhi utaombwa maelezo pamoja na uji wa shayiri.
Hayo yote najua.
Lakini yeye hakunibishia. Aliuliza tu, taratibu,
kwa sauti ya mtu aliyeketi roshanini:
Mama, wewe unaona nini?

Nikaanza kuuondoa.
Nilianza na kidole kidogo.