Kaa

Paketi ilibaki moja tu,
nyuma ya chupa ya spiriti, imebakiza miezi miwili iharibike.
Owachgiu waliniletea kwenye tela la trekta,
wakata miwa wanne, masizi hadi kwenye kope,
na panga lenyewe wamelibeba,
sijui kwa nini, labda liwe shahidi.

Paja la kushoto. Shati walilolifungia
limekwisha kuwa si shati.
Damu ya paja haidondoki.
Hutoka kwa mapigo, kama mtu anayehesabu
na hana nia ya kufika mwisho.

Nikairarua karatasi kwa meno,
nikashindilia shashi mpaka kwenye kina,
kidole kikifuata kidole,
nikalalia kiganja kwa uzito wangu wote,
kilo hamsini na nane, na uji wa asubuhi.

"Sista, dawa gani hiyo?"
Magamba, nikamwambia, tulia.
Magamba ya kamba na kaa wa baharini,
yamesagwa, yamepikwa kwa magadi makali,
yakawa unga, unga ukatiwa kwenye uzi.
Umewahi kula kaa ukavimba?
"Sista, mimi mtu wa Panyimur.
Kaa ninalolijua ni la jikoni,
na kamba ni ya mbuzi."
Akacheka, mjinga yule, na damu ikacheka naye.
Kaa! nikafoka,
na mpaka leo sijui nilimfokea nani:
yeye, damu, au mnyama.

Dakika ya kwanza.
Tulifundishwa Masindi, siku mbili, chai na mandazi:
gamba lina chaji inayoita,
chembe za damu zina chaji inayoitika,
zinakimbiliana, zinang'ang'aniana,
zinakuwa ute mzito, kizibo.
Haingoji damu ikumbuke yenyewe kuganda.

Dakika ya pili.
Bahari naijua kwa ramani ya darasa la tano,
bluu iliyokatwa na ukingo wa karatasi.
Huko kuna mtu alimenya, akala, akatupa ganda,
na mwingine akaliokota.
Sitawajua. Magando yao yako hapa
chini ya kiganja changu, yamebana.

Dakika ya tatu nikaongeza ya nne, kwa woga.
Kisha nikainua kidole kimoja.
Kisha kingine.
Shashi ilikuwa nyeusi, imetulia,
kama tope baada ya ng'ombe kuondoka mtoni.

Gari la hospitali lilipofika aliomba ile karatasi tupu.
Ina picha? akauliza. Haina.
Akaichukua hivyo hivyo, akaitia mfukoni.

Kwenye daftari la stoo niliandika:
shashi ya magamba, sifuri.
Sifuri nikaizungushia wino mara mbili,
labda huko juu wataiona.
Nje, bombani, wale wanne wanaosha panga.
Moja wao alikuwa ameanza kulinoa.