Sura

Kazi yangu ni kusahihisha riwaya za mapenzi,
ghorofa ya pili, Barabara ya Lunga Lunga,
juu ya mitambo ya chapa. Sakafu hutetema
chini ya viatu vyangu tangu saa mbili asubuhi.
Kalamu nyekundu, chai ya tangawizi, na nyuso:
nyuso mia nne kwa mwaka, nikipunja hesabu.

Binti haifiki sura ya pili kabla hajaona haya.
“Mashavu yakawa mekundu kama nyanya,” wanaandika,
na binti huyo huyo, kurasa tatu nyuma, ni mweusi ti.
Nakata. Pembeni naandika: Nyanya ziache Marikiti.
Shavu jeusi likiona haya hufanya nini?
Tazama kwanza, kisha uandike.
Wananirudishia: “Uso wake ulikuwa kitabu kilichofunuliwa.”
Nakata tena.
Uso ungekuwa kitabu, ningekuwa nimeolewa zamani.

Lugha yetu nayo ina mzaha.
Sura ni uso, sura ni mlango wa kitabu,
na mimi, msomaji wa kulipwa,
sura ya Mwachofi nilisoma nusu, nikaifunga.

Mwachofi wa mitambo. Julai ile
Nairobi ilipolala ukunguni hadi saa sita,
aliamka nusu ya uso imegoma.
Baridi, alisema mamake.
Neva, alisema daktari wa Kenyatta.
Askari wa getini alijua ni jini, na jina lake alilijua.
Mdomo ukavutwa kulia, ukabaki huko,
na tangu siku hiyo kila neno lake
lilipanda ngazi likiwa limevaa dharau.
“Umeamkaje, Kwamboka?”
Ungedhani ananicheka nywele.
Nami nikamkunjia ndita. Miezi kumi na minne,
yeye na mdomo wake wa upande,
mimi na ndita zangu. Tukaita salamu.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
La kwake la kushoto halina kwelikweli:
usiku hulibandika plasta
ndipo nalo likubali kulala.
Hili nilikuja kuambiwa baadaye.

Jumatano moja stima zikapotea.
Mitambo ikanyamaza, sakafu ikatulia
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Ngazi zetu hazina dirisha. Nilikuwa nashuka,
yeye anapanda na bunda la kurasa,
tukasimama, kila mmoja akishika ukuta wake.
“Ile ya nyanya,” sauti ikasema,
“nilicheka peke yangu
hadi mtambo ukameza karatasi.
Yote unayoandika pembeni huwa nayasoma.
Riwaya zenyewe, hapana.”

Sauti tu. Haikuwa na mdomo wa kwenda upande.
Ilikuwa laini, na yenye woga kidogo,
na ilikuwa hivyo siku zote,
mimi nikiwa nimeshughulika kuitazama.

Stima zikarudi. Uso nao ukarudi.
Safari hii nilianzia kulia:
shavu limepanda, kishimo kimejichimba,
kope inapepesa kama ya kijana aliyevunja gilasi.
Kisha kushoto, kimya, ukuta wa nyumba isiyo na mtu,
na chozi likishuka humo.
Kwenye riwaya ningejua maana yake.
“Hilo usilihesabu,” akasema,
akilifuta kwa mkono wa shati.
“Hilo ni vumbi la karatasi.”

Na langu je, shavu langu jeusi,
lilifanya nini pale ngazini?
Sijui. Nilikuwa upande wa ndani.
Yeye aliona, akanipa kurasa, akashuka
akipiga mluzi ambao nusu yake ni upepo.

Leo mezani kuna mswada mpya.
Sura ya kwanza, mstari wa tisa, nyanya.
Sakafu inatetema.
Kalamu imekaa hewani hadi chai imepoa,
halafu pembeni, kwa mwandiko mdogo
ambao mwandishi hatauelewa, nimeandika:
Muulize aliyekuwa mbele yake.